Kitu mkononi au alama za kiganjani?

Tuseme mtoto wako, hapo Mikindani, haoni wala hasikii tangu kuzaliwa. Uanzie wapi kuzungumza naye?

Njia ya kwanza ni vitu. Kabla ya kumwogesha, mshikishe kata. Kabla ya kula, kijiko. Kabla ya kwenda ufukweni, kipande cha wavu. Kila siku kitu kilekile, kwa tendo lilelile. Haidai fedha, na bibi, shangazi na kaka zake wanaiweza leo hii. Mpe muda, usimharakishe. Siku atakapokuletea kata mwenyewe, ameomba kuoga: hayo ni mazungumzo kamili! Ila huwezi kumshikisha "kesho" wala "nilikukumbuka".

Hapo njia ya pili inashinda: alama za kiganjani, yaani maneno unayoyafanya kwa vidole naye akayahisi kwa mkono wake. Mwaka 1887 huko Alabama, Marekani, mwalimu Anne Sullivan alimwandikia Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, neno la maji kwa vidole kiganjani, huku maji yakimwagikia mkono wake wa pili. Lakini Helen aliona na kusikia hadi umri wa miezi 19. Wako hakuwahi.

Mimi ningeanza na kata, kisha mapema niongeze alama ya maji, mikono yangu ikiwa chini ya yake, bila kumvuta vidole.