Sinki, koki na marumaru za bafu zisizochosha kusafisha: ukinunua Mtwara

Pesa za korosho zikishaingia, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini hujaa watu wanaomalizia nyumba, na vya bafuni hununuliwa kwa macho tu. Kinachong'aa kinapakiwa kwenye bajaji. Lakini sisi tunaishi na upepo wa bahari wenye chumvi, na wengi tunatumia maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kila yanapokaukia. Kwa hiyo mimi huhesabu pembe: maji yatatuama wapi, na kitambaa changu kitafikaje?

Anza na sinki la choo, maana ndilo linalokula muda.

Namba moja naliweka sinki la kukaa lisilo na ukingo uliojikunja kwa ndani. Maji yakikatika tunamwaga kwa ndoo, na maji ya ndoo hayapiti kabisa chini ya ule ukingo. Uchafu unabaki humo unagandana na chokaa. Dukani ingiza kidole chini ya mdomo wa sinki. Kikizama kwenye mfereji usiouona, ujue huo mfereji utausugua wewe. Tazama na ubavuni: sinki lililofunikwa hadi sakafuni hufutwa mara moja, lile linaloonyesha bomba lililojipinda kama utumbo hukusanya vumbi na nywele.

La pili, na kwa nyumba ya kupangisha ningeliweka la kwanza, ni la kuchuchumaa la kauri. Halina kifuniko wala bawaba, ndoo moja na brashi limekwisha. Ila chagua lenye vikanyagio vya mistari mipana, siyo vijimistari vyembamba. La plastiki liache: likishakwaruzwa na brashi ngumu, madoa hukaa kwenye mikwaruzo.

Koki ndizo zilizonifunza. Nilinunua moja ya dhahabu, nikaiona bafu la kifalme. Kusi mbili hazijapita, ikatoa malengelenge. Nikabandua kwa ukucha, ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu.

"Dada, hii siyo shaba, umenunua rangi," fundi bomba akaniambia, akiipima kiganjani.

Tangu hapo napima uzito. Shaba iliyopakwa kromu ni nzito, ndiyo chaguo langu la kwanza, ya mkono mmoja na shingo isiyo na nakshi. Stenlesi ni ya pili. Karibu na bahari hata yenyewe hutoa vidoa vya rangi ya chai, ila ukiifuta mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi inatulia. Za dhahabu na nyeusi za bei ya chee, mwisho kabisa. Koki ya plastiki ina sura mbaya, lakini haishiki kutu, kwa bomba la nje siichukii.

Kichwa cha bomba la mvua kiwe na vitundu vya mpira: chokaa ikiziba, unasugua kwa dole gumba inapukutika.

Beseni la kunawia, chukua la kutundika ukutani. Yale ya bakuli lililokaa juu ya meza yanapendeza kwenye picha tu. Pale bakuli linapogusa meza panaota weusi.

Marumaru kubwa zina mistari michache ya groti, ule ujazo wa kati ya marumaru na marumaru, na groti ya kijivu inasamehe. Sakafuni usiweke zinazoteleza, hata kama ni rahisi kupiga deki.

Ukoko ukishashika, siki au ndimu kwa dakika chache, kisha suuza vizuri. Usichanganye na jiki hata kidogo, hutoa hewa ya sumu.

Na kabla hujalipa sinki la kukaa, mwambie muuzaji akifungue kifuniko mbele yako. Kinachochomoka kwa kubonyeza, kinaoshwa uani. Kinachohitaji spana, hakitaoshwa.