Uzoefu wangu na DOAJ: nilivyopata jarida la makala yangu ya mwani

Mie nasomesha chuo hapa Unguja, risachi yangu ni mwani, na makala hii ni ya pili kutoa. Ya kwanza niliibiwa, sina neno jengine la kusema.

Ilinijia imeili ikinisifu weee, ati mtafiti mashuhuri, jarida la kimataifa, wazi kwa kila mtu, nikatuma Jumatatu na Alkhamisi wakanambia imekubaliwa! Hakuna mhakiki alouliza hata suali moja. Jedwali la 2 nilikosea, badala ya kamba 30 za mwani niliandika 300, likatoka hivo hivo na 300 yake. Nikalipa dola 150 kutoka mfukoni mwangu halafu kamati ya vyeo ikaikataa, na ile ni data ya misimu miwili nimeingia nayo baharini kila bamvu, maji yakikupwa sana. Iliniuma sana.

Baadae mkutubi mmoja ndo akanionesha DOAJ. Hii ni orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi, yani yale kila mtu anayasoma bure, ipo tangu 2003, ilianzia Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden, na sasa ina majarida zaidi ya 20,000. Kuitumia ni bure. Nilichokipenda mie ni kwamba jarida haliingii mpaka likaguliwe, na ukilifungua unaona kabisa wanatoza shingapi au hawatozi, uhakiki wao wa aina gani, na kwa wastani unasubiri wiki ngapi tokea kutuma mpaka kutoka. Kuna pahala unatia tiki uoneshwe yale yasotoza tu, nami nikatia hapo, maana kusema kweli hizi ada zengine hazisemeki, jarida la Nature 2020 walitangaza yuro 9,500 kwa makala moja, sasa mwalimu wa kwetu azitoe wapi?

AJOL nayo ipitieni, ipo tangu 1998 na ni ya majarida ya Afrika, ila si yote ya kusoma bure. Na mjue jarida kuwemo DOAJ haimaanishi limo Scopus, orodha nyengine ya majarida ambayo vyuo vingi huitizama, kwa hiyo kama chuo chako kinataka Scopus kaulize kabla hujatuma. Kwa hilo DOAJ nawapa nyota 4 kati ya 5.

Wakubwa zetu wengine wanasema bora jarida lenye jina hata likiwa limefungwa, la kulipia kusoma. Nawaheshimu lakini hapa sikubaliani nao, mwani wa biashara umelimwa Paje na Jambiani tangu 1989, kina mama wale ndo wameona kotonii, aina moja ya mwani, ikifa maji yakipata moto kabla sisi hatujaandika, halafu wao na watoto wao walipie dola kusoma habari za pwani yao?

Makala ilipotoka (wahakiki wawili, miezi 5, walinitoa jasho na nawashukuru) nilimuomba mhariri muhtasari wa Kiswahili utiwe, akakubali. Nikampelekea bibi mmoja Paje alonipa kamba zake. Mjukuu akaifungua kwenye simu akamsomea, bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta picha ya kamba na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani, kwa kidole ikawa kubwa, akaitizama sana. "Mwanangu, hizi taitai mmezifunga mbali mbali mno. Bamvu lijalo njoo asubuhi nikuoneshe."