Rilizi beringi ya Beetle ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, ukaulizia rilizi beringi ya Volkswagen Beetle, ile beringi inayoachilia klachi ukikanyaga pedali, muuzaji atakuuliza, "Ya mwaka gani, mzee?" Ukitaja mwaka ataleta kiboksi. Ukisema hujui ataleta kiboksi kilekile: "Chukua hii, inaingia Volks zote." Hakuna rilizi beringi inayoingia Volks zote. Zipo za aina mbili, na ukibeba isiyo yako, injini, ambayo lazima ishushwe ili kuifikia beringi, itakaa chini huku wewe ukizunguka mjini.

Mimi yalinikuta. Kadi ya gari langu inasema 1968, nikanunua beringi ya 1968. Fundi akashusha injini Jumamosi mchana, akamulika tochi kwenye giaboksi, akacheka. "Bosi, hili giaboksi limetoka gari lingine." Katika miaka yote hiyo kuna mtu aliyelibadilisha akanyamaza. Maduka niliyoyaamini yalishaanza kufunga. Nikakimbilia la jirani, nikapata aina sahihi lakini haina jina la mtengenezaji, na bei yake ni supu na chapati mbili. Miezi mitano baadaye injini ilikuwa chini tena.

Kwa hiyo ushauri wangu unawakera mafundi wanaotaka kila spea iwe mezani kabla ya kushika spana: shusha injini kwanza, ndipo uende kununua. Na ifanye siku ya kazi, asubuhi.

Kabla ya yote, ni yenyewe kweli?

Washa injini, weka nyutro, sikiliza. Kisha kanyaga klachi taratibu. Kelele ikianza pale mguu unapogusa pedali na kuongezeka kadiri unavyozamisha, mlio wa kukwaruza au wa mluzi, hiyo ni rilizi beringi. Kelele ikiwepo mguu ukiwa umeuacha, halafu ikanyamaza ukikanyaga, tatizo liko ndani ya giaboksi na beringi mpya haitakusaidia kitu.

Kazi yake inaeleza kwa nini hulia hivyo. Waya wa klachi unavuta mkono, mkono unageuza uma, uma unaisukuma beringi kwenye presha pleti, sahani inayoibana diski ya klachi kwenye injini. Uma hauzunguki, presha pleti inazunguka na injini. Kinachozipatanisha ni hiki kiduara cha kuenea kiganjani.

Angalia mrija, sahau kadi ya gari

Injini ikishatoka, geukia giaboksi uitazame ile shafti inayochomoza katikati. Kwenye magiaboksi ya kabla ya Agosti 1970 shafti imetoka peke yake. Beringi yake imeshikwa kwenye uma kwa klipu mbili tu, na presha pleti yake ina pete ya chuma katikati. Beringi hukandamiza ile pete. Kuanzia modeli ya 1971 Volkswagen walifunga mrija mfupi unaoizunguka shafti. Beringi ikawa inateleza juu ya mrija huo, na ile pete ikaondolewa: beringi inagusa moja kwa moja ncha za vidole vya presha pleti, vile vyuma vinavyoelekea katikati yake.

Mrija na pete havikai nyumba moja. Ukiweka beringi ya mrija kwenye presha pleti yenye pete, vitu viwili vyote vinataka kushika katikati, na vikitofautiana kidogo tu kazi inaenda upogo na beringi inakufa mapema. Ukiweka beringi ya zamani kwenye presha pleti isiyo na pete, itakwangua vidole hadi viwe na mifereji. Nimeona presha pleti ya namna hiyo. Vidole vilikuwa vimelika kama meno ya msumeno uliochoka, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha waya mara mbili akidhani ndio unaolegea.

Muuzaji anaweza pia kukuuliza, "Ya 180 au ya 200?" Hicho ni kipenyo cha klachi kwa milimita. Kwa kawaida injini ya cc 1200 ina ya 180, za 1500 na 1600 zina ya 200. Kinakuhusu ukinunua diski na presha pleti. Hakikuambii kama giaboksi lako lina mrija.

Nafasi ya kwanza: beringi peke yake, chapa inayojulikana

Wengi wangeanza na seti nzima. Mimi naanza hapa, kwa sababu mara nyingi beringi ndiyo inayotangulia kufa na diski bado ina nyama. Pima kwa macho: kama ripiti za diski, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia uso wake, bado zimezama vizuri chini ya uso wake, haina mafuta, na vidole vya presha pleti viko sawa kwa urefu, hakuna haja ya kununua vyote. Tafuta Sachs au LuK, zote za Ujerumani, na klachi ndiyo kazi yao ya miaka mingi. Nunua na klipu mpya papo hapo. Klipu kuukuu iliyolegea huiachia beringi icheze kwenye uma, na hapo umerudi ulikotoka.

Mwenye giaboksi la mrija ana bahati zaidi. Meksiko waliendelea kuunda Beetle hadi Julai 2003, na Brazili walisimama 1986 kisha wakarudia tena 1993 hadi 1996, kwa hiyo spea za muundo huo hazijawa za makumbusho.

Ya pili: seti kamili

Diski, presha pleti na beringi ndani ya boksi moja. Ichukue kama ripiti zinakaribia kugusa chuma, kama diski imelowa mafuta, au kama hujui kabisa historia ya klachi yako. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Mwenye uwezo aipandishe. Ila fungua boksi kaunta, mbele ya muuzaji. Seti nyingine huuzwa bila beringi, na nyingine muuzaji ameshachomoa beringi akamuuzia mteja wa jana na kuziba pengo kwa aliyokuwa nayo. Presha pleti ina pete? Na giaboksi lako lina mrija? Basi rudisha.

Ya tatu: mpya iliyolala

Hizi ni zile za enzi, kwenye karatasi ya mafuta, zimekaa rafuni tangu mwenye duka akiwa kijana. Chuma chake ni kizuri kuliko cha kopi yoyote. Tatizo ni grisi: imefungiwa ndani, nayo hukauka. Izungushe kwa kidole. Ikienda kwa kukwama-kwama, au ukiona wekundu wa kutu kwenye ukingo, mshukuru mzee uondoke. Ikizunguka vizuri na bei ikiwa ya kuungwana, chukua bila wasiwasi.

Ya nne: kopi isiyo na jina

Gari la kutembelea Jumapili laweza kuivumilia. Gari la kwenda Moshi au Iringa, hapana. Hesabu yenyewe ni nyepesi: beringi ni sehemu ndogo ya gharama, sehemu kubwa ni fundi na siku nzima. Kuokoa kwenye beringi ni kuokoa kwenye kile kipande ambacho kikifa unalipia vingine vyote upya.

Zisizo na nafasi

Ya mtumba, iliyochomolewa kwenye gari bovu, hata kama inazunguka kimya. Hujui imebakiza nini. Na ile ya "kufufuliwa": fundi anaichemsha ndani ya grisi, au anatoboa kitundu na kuipiga grisi kwa pampu. Nawaheshimu sana mafundi wetu, wamefufua mengi, lakini grisi inayoingizwa hivyo hutoka injini ikipata moto, na inakotua ni kwenye diski. Vilevile usikubali beringi mpya ioshwe kwa petroli "kuondoa vumbi la dukani". Petroli huingia ndani na kuondoka na grisi yote.

Kwenye kaunta

Nenda na ile kuukuu mfukoni. Ziweke mbili sambamba, linganisha tundu la katikati, kimo, na masikio yanayokaa kwenye uma. Kisha shika mpya, kandamiza kwa kiganja huku ukizungusha. Nzuri ina uzito fulani, inazunguka kama inayosita, haina sauti. Ikizunguka kwa wepesi mrefu kama kichezeo cha mtoto, grisi ni kidogo. Ikitoa mchakacho, kuna mchanga au kasoro. Tazama na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, uyalinganishe na ya kiboksi. Kiboksi kinachapwa popote.

Injini ikiwa chini, ongeza vitu viwili: sili ya mafuta nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini, na tone la grisi kwenye beringi ndogo ya sindano iliyo ndani ya nati kubwa ya flaiwili. Sili ni bei ndogo, na ikivuja mwezi ujao utaua diski. Waya wa klachi ukiwa na nyuzi zilizochanika, ubadilishe sasa.

Mwenye Morris Minor au MGB

Haya ni magari ya zamani ya Kiingereza, na kwako hadithi ni nyingine. Beringi yako haina gololi. Ni pete ya kaboni iliyoshikwa kwenye kikombe cha chuma, inasugua tu. Angalia kaboni iwe imesimama vizuri juu ya ukingo wa kikombe na isiwe na ufa, kwa sababu ikianguka sakafuni mara moja inapasuka. Wapo wanaouza za gololi za kubadilishia. Mimi ningebaki na kaboni. Kinachoimaliza ni kukaa foleni ya Ubungo na klachi imekanyagwa dakika kumi. Weka nyutro.

Ikishafungwa

Usilipe fundi kabla hujapima pedali. Ibonyeze kwa kidole: isogee kati ya milimita 10 na 20 kabla hujahisi uzito. Huo mwanya ndio unaoiacha beringi ipumzike wakati huikanyagi. Ukikosekana, inazunguka muda wote gari linapowaka, hata ukiwa umeegesha. Kurekebisha ni kwa nati ya masikio iliyo mwisho wa waya, upande wa kushoto wa giaboksi. Baada ya wiki moja ya kuendesha pima tena, kwa sababu waya mpya hunyooka. Mimi hupima kwa unene wa kidole kilicholala, na fundi wangu bado hunicheka.