Kumlinda Mfanyakazi Ughaibuni: Makubaliano ya Nchi Mbili au Mkataba wa Mataifa?

Waganda wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni wanaweza kulindwa kwa njia mbili, na zote zina umri wa zaidi ya karne moja.

Makubaliano ya nchi mbili yalianza mwaka 1904, Ufaransa na Italia zilipoafikiana kuhusu haki za wafanyakazi wao. Uganda ilishika njia hiyo na Saudi Arabia mwaka 2015. Sifa yake ni wepesi, kwa kuwa wanaoketi mezani ni wawili tu. Lakini anayetafuta ajira hana nguvu sawa na anayeitoa, na kufikia Januari 2016 Kampala ilikuwa imesitisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani huko kutokana na malalamiko ya mateso.

Njia ya mataifa mengi ilizaa matunda Bern mwaka 1906, ilipopigwa marufuku fosforasi nyeupe ya viberiti, sumu iliyokuwa ikiozesha mifupa ya taya za wafanyakazi viwandani. Tangu 1919 kazi hiyo inasimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, ambalo Uganda ilijiunga nalo mwaka 1963. Huko mambo huenda polepole: Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini ulipitishwa 2019, Uganda ikauridhia 2023. Hata hivyo mimi naupa uzito zaidi, kwa sababu nchi iliyoridhia hutakiwa kupeleka taarifa Geneva, makao makuu ya shirika hilo, na vyama vya wafanyakazi navyo huweza kutuma maoni yao. Tatizo ni pale nchi ya mwajiri isiporidhia, kwani mkataba hauifungi. Hapo hayabaki ila yale makubaliano ya wawili.