Outsourced: nimemaliza sehemu zote 22, na hivi ndivyo nilivyoiona

Kwa miaka mitatu nilikuwa napokea simu za wateja Dar es Salaam, kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Wiki ya kwanza ya mafunzo msimamizi alinisimamisha mbele ya wenzangu, akanirudisha kwenye "karibu, nikusaidie nini?" mara sijui ngapi, ati lafudhi ya Kigoma initoke. Wenzangu wakanipachika jina la Mwisho wa Reli, maana reli huishia Kigoma, likanibaki mpaka siku naondoka. Kwa hiyo kijana wa kibanda cha muvi pale Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, aliponiambia ana Outsourced, tamthilia ya kuchekesha kuhusu watu wa kupokea simu, nilimpa flashi palepale.

Ilionyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia Septemba 2010 hadi Mei 2011, msimu mmoja tu, ikasitishwa. Todd Dempsy wa Kansas City anakuta idara yake imehamishiwa India. Akitaka kazi, aende Mumbai akawe meneja. Wanauza vikorokoro vya mzaha: mito inayotoa sauti ya ushuzi ukiikalia, vidole vikubwa vya sponji vya kushangilia michezo. Wahindi wanaoviuza wanashangaa ni nani anatoa pesa yake kwa vitu hivyo. Hapo nilicheka peke yangu, maana nami nimewauzia wazee wa watu miito ya simu ambayo sikuona faida yake hata kidogo.

Ila sehemu ya kwanza nusura niizime. Jina la Manmeet, mmoja wa wafanyakazi wa Todd, linachekwa kwa vile tu linavyosikika kwa Kiingereza, na chakula cha Kihindi kinafanywa chanzo cha kuharisha. Mama alikuwa ameketi nami, namtafsiria. Akaniuliza, "Mwanangu, mgeni gani anacheka jina la mwenyeji wake?" Sikuwa na la kumjibu. Kwetu Uhani, nchi ya Waha, salamu ni ndefu na ina makofi yake. Mtu hajaulizwa shida mpaka ameulizwa hali. Nilikumbuka yule msimamizi wangu, nikanyamaza.

Tamthilia inanoga pale inapowaacha wafanyakazi wawe watu. Rajiv, msaidizi wa Todd, anakitolea macho kiti cha meneja, na unaweza kumchukia mpaka ujue sababu: baba wa msichana anayempenda anataka mkwe mwenye cheo. Hilo Kigoma halihitaji mkalimani. Rizwan Manji amemcheza vizuri kuliko wote, mkali usoni huku unaona roho inavyomwenda mbio. Gupta yeye hamalizi kuongea. Asha kwao wanamtafutia mchumba, na Todd anampenda; mapenzi hayo yamevutwa mno, nikawa naruka.

Kinachonikera zaidi ni usiku, walivyoupita juujuu. Majira ya joto, Kansas City ikiwa saa sita mchana, Mumbai ni saa nne na nusu usiku. Ndiyo maana wafanyakazi wengi wa India wanaowahudumia Wamarekani huingia kazini wakati majirani wanalala, na wengi hutumia majina ya Kizungu kwenye simu. Mimi zamu ya usiku ilinifanya nisile mezani na ndugu zangu kwa miezi. Huko ndiko kwenye uchungu wa kazi hii, na hata kichekesho chake, na nilitaka wakae huko zaidi. Pia ilipigwa studio Los Angeles, na macho yanaliona hilo: Mumbai yao haina vumbi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama umewahi kuvaa hedifoni ukatukanwa na mtu huku unamwambia "asante kwa kutupigia", itafute. Usiihukumu kwa sehemu ya kwanza, nenda moja kwa moja hadi ile ambayo Todd anagundua kwamba Madhuri, binti asiyesikika ofisini kwa upole wake, ana sauti nzuri ya kuimba. Mama hakuniomba tafsiri hata mara moja hapo. Amesema leo baada ya Isha niiweke tena.