Kompyuta za Zamani Kwenye Maduka ya Vitu vya Kale: Nilipopigwa na Nilipobahatika

Ukiingia kwenye duka la vitu vya kale kutafuta kompyuta, usipoteze muda mbele. Mbele ni saa za ukutani, vyombo vya shaba na makabati. Kompyuta iko nyuma, chini ya meza, imebanwa kati ya taipureta na cherehani, na juu yake kumewekwa taa inayouzwa. Nimezunguka maduka ya aina hii kwa karibu miaka minne na nimenunua mara mbili tu.

Mara ya kwanza nilipigwa, ingawa hakuna aliyenidanganya. Ilikuwa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982, ikiwa na boksi lake na adapta yake ya asili. Mwenye duka, mzee mchangamfu, alitaka kunithibitishia kwamba mali ni nzima, nami kwa ujinga nikamwacha aichomeke. Nilikuwa nasubiri ile skrini ya buluu inayokutajia baiti 38911 za kumbukumbu zilizo wazi. Tukapata kiza kitupu. Mzee akasema labda shida ni televisheni tuliyoiunganisha, akashusha bei, nikalipa. Boksi lilikuwa zuri mno, nikiri tu.

Nyumbani nikaipima adapta kwa mita. Upande unaotakiwa kutoa volti 5 ulikuwa umepita 6. Wanaozijua mashine hizi hawashangai: kifaa cha kudhibiti umeme ndani ya adapta kikichoka, huwa kinauacha umeme upande juu badala ya kuukata, na zinazokufa mapema ni chipu za kumbukumbu. Tena adapta nyingi za aina ile zimemiminiwa gundi ngumu ndani, fundi akitaka kuifungua labda aivunje. Tangu siku hiyo sikubali muuzaji aniwashie chochote kwa adapta ya asili kabla sijaipima. Bora ninunue bila kuona ikiwaka.

Ndipo nikaelewa shida ya kununua kompyuta mahali kama hapa. Muuzaji wa vitu vya kale ana jicho. Akigusa kiti anakwambia ni mti gani na mguu upi umebadilishwa. Sasa jicho hilohilo analitumia kwenye kompyuta, na kompyuta haisemi ukweli kwa sura. Nimeona mashine imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara ikiuzwa bei ya kutupa, wakati umanjano ule hauhusiani na uzima wake: plastiki za wakati ule nyingi zilitiwa kemikali za bromini zisishike moto haraka, na mwanga wa jua ukizipiga miaka mingi rangi inabadilika. Pia nimeona nyeupe pee, imefutwa hadi inang'aa, bei juu, na ukiisogelea inanuka samaki. Harufu hiyo ni kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi chaji, zimevuja, na maji yake yanakula bodi ya ndani taratibu. Siku hizi nainusa mashine kabla ya kuitazama. Watu wananishangaa, lakini pua haijawahi kunigharimu.

Na kile kikaratasi cha "haijajaribiwa"? Mimi nakisoma "imekufa" na nazungumza bei ya maiti. Kama ni mzima, hiyo ni zawadi.

Mara ya pili ndiyo iliyonifanya niendelee kurudi. Kwenye kapu la nyaya, chini kabisa, nilikuta kibodi ya IBM, Model M. Hii haihitaji kuwashwa. Ni nzito kuliko kompyuta mpakato nyingi za leo, ukibonyeza unasikia springi ya kila kitufe ikikunjika kwa mlio wake, na mgongoni ina lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Niliibonyeza vitufe vyote mmoja mmoja palepale, dukani wakacheka. Vifuniko vya vitufe vinang'oka, nikaviosha kwa maji ya sabuni, nikatafuta kifaa cha kuigeuzia plagi iingie kwenye USB. Maandishi haya nayaandika kwa kibodi hiyo, na nyumbani wote wanajua saa ngapi nimelala.

Kwa hiyo tathmini yangu: kwa kibodi, vitabu vya maelekezo, maboksi na disketi ambazo hazijafunguliwa, maduka haya nayapa nyota nne. Kitu ambacho nje ndiyo hali yake halisi, pale utakipata kwa bei nzuri. Kwa mashine nzima, nyota mbili, na hizo mbili ni kwa sababu wenye maduka ni watu wa kupatana.

Hivi sasa kuna Macintosh SE/30, kompyuta ya Apple ya mwaka 1989, naikodolea macho. Hofu yangu ni betri. Ni ndogo, ya lithiamu, iko juu ya bodi, na ikipasuka tindikali yake inatafuna kila kilicho karibu. Bila kuifungua huwezi kujua, na skrubu mbili zimejificha ndani kabisa ya mashimo karibu na mpini, zinataka bisibisi ndefu ya T15, ile ya kichwa cha nyota. Mwenye duka nilipomwomba aifungue alinitazama kama nimemwomba apasue chungu aone udongo. Mwisho akasema, "Njoo na bisibisi yako, lakini ukiiharibu umeinunua."

Bisibisi nimeshaagiza.