Mafunzo ya Kusimamia Timu za Dharura za Afya ya Akili kwa Vijana, Moshi: Tathmini ya Mshiriki

Mafunzo haya ya siku tano, yanayotolewa hapa Moshi kwa watu wanaosimamia vikundi vya kuwafikia vijana walio katika hatari ya kujidhuru, yanamfaa kila msimamizi ambaye tayari ana watu walio zamu. Nasema msimamizi kwa makusudi. Mafunzo ya kumwandaa kijana wa kujitolea akae na mwenzake aliyekata tamaa nimeyaona mara nyingi, lakini ya kumwandaa yule anayepigiwa simu na huyo mtoa huduma usiku wa manane na kuulizwa, "Dada, nifanye nini sasa?", nilikuwa bado sijayapata katika mkoa wetu. Washiriki wa awamu yetu walikuwa maafisa ustawi wa jamii, wauguzi, walimu wa ushauri nasaha na viongozi wa vikundi vya kujitolea kutoka Pasua, Njoro na Majengo, pamoja na wengine walioshuka kutoka Uru na Kibosho.

Sehemu bora kuliko zote ni mazoezi ya simu. Msimamizi hukaa chumba kingine, hamwoni kijana wala nyumba aliyomo, anasikia tu sauti ya mtoa huduma wake, na kwa sauti hiyo pekee analazimika kupima ukubwa wa hatari na kusaidia kuamua hatua inayofuata. Mwezeshaji wetu, muuguzi mstaafu wa afya ya akili, hukatisha zoezi kila mara kwa swali lilelile: je, kijana ameulizwa waziwazi kama anafikiria kujiua? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaojulikana kama mhGAP unaeleza kwamba kuuliza jambo hilo hakumchochei mtu kujidhuru, na kwamba mara nyingi humpunguzia fadhaa na kumfanya ahisi ameeleweka. Hata hivyo wengi wetu tunasimamia watoa huduma wema sana wanaolizunguka swali hilo kwa kuuliza, "Lakini si uko sawa tu?", na kijana, kwa adabu aliyolelewa nayo, hujibu kwamba yuko sawa. Kazi ya msimamizi ni kulirudisha swali bila kumwaibisha aliyelikwepa, na kazi hiyo ilifanyiwa mazoezi mpaka maneno yakatutoka bila kigugumizi.

Kutoka hapo mafunzo yanaingia kwenye mpango wa usalama, yaani karatasi ambayo kijana huiandika pamoja na mtoa huduma, kwa utaratibu uliobuniwa Marekani na Barbara Stanley na Gregory Brown. Una hatua sita, kuanzia dalili ambazo kijana mwenyewe anazijua kuwa hali yake inachafuka, hadi kuyafanya mazingira yake kuwa salama. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyopewa muda mrefu, na nadhani ilistahili, kwa sababu katika mkoa wa kahawa, migomba na bustani za mboga, viuatilifu huwekwa stoo isiyo na kufuli au hata chumbani kwa vijana. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilishuhudia vifo vya kujiua vikipungua sana baada ya kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, na funzo lake kwa msimamizi ni kwamba kumweka kijana mbali na sumu katika saa zile chache mbaya kunaokoa uhai. Kwa hiyo tulifundishwa kutofunga tukio lolote kwenye daftari kabla ya kujua ni nani, mama, babu au shangazi, amekubali kuvifungia viuatilifu hivyo na kutunza ufunguo, na kupiga simu kesho yake kuthibitisha kwamba kweli ameutunza.

Upande wa kuwatunza watoa huduma wenyewe umefanywa kwa uangalifu ambao sikuutarajia. Vikundi vingi vina desturi ya kuwakusanya wote mara baada ya tukio zito na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo kitumike kuzuia madhara ya kiwewe kwa watu waliotoka kupitia tukio la kutisha, na mwezeshaji alilisema hilo bila kuwadharau waliozoea. Badala yake msimamizi hufunzwa kuhakikisha mtoa huduma amefika nyumbani, amekula na amepata mtu wa kukaa naye, asiwe zamu usiku unaofuata, kisha baada ya siku chache wakae wawili wao wazungumzie kazi ilivyokwenda, huku habari ya moyo ikiachwa mikononi mwa mhusika aiseme akitaka. Hapo ndipo usimamizi shirikishi, ambao tumezoea kuuona ukiishia kwenye fomu ya ukaguzi yenye visanduku vya kuwekewa alama, unapopata maana yake.

Udhaifu mkubwa uko kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na kwa hofu hiyo ndugu humficha kijana ambaye angepaswa kuwa njiani kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Msimamizi anahitaji kujua atawaambia nini ndugu hao na atazungumzaje na polisi, tena mapema, kabla tukio halijatokea. Vilevile Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo mambo ya siri, ridhaa na mzazi wa kuarifiwa hayawezi kuwa yaleyale kwa binti wa miaka 15 na kijana wa miaka 22. Mada zote hizo zilibanwa kwenye saa ya mwisho ya siku ya nne, wakati maswali yetu yangeweza kujaza siku nzima.

Vitini ni vya Kiingereza ilhali mazoezi yote ni ya Kiswahili, jambo linalowapa taabu viongozi wa vikundi ambao ndio wenye uzoefu mkubwa wa mitaani. Suala la usafiri wa usiku kutoka Kibosho au Uru, pale ambapo bodaboda ndiyo chombo pekee na kijana hapaswi kupakizwa peke yake, liliguswa juu juu tu. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ilitajwa ipasavyo, pamoja na tahadhari kwamba kumpa kijana namba hakuchukui nafasi ya mtu wa kukaa naye.

Kwa kikundi kinachofikiria kujiandikisha, ushauri wangu ni kupeleka watu wawili, ili wanaporudi wapokezane simu ya usimamizi, na wote wawili wawe wamekwisha kushika zamu wenyewe. Waandaaji nao ningewaomba wamwalike afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi tangu siku ya kwanza, akae darasani na kufanya mazoezi ya simu pamoja na washiriki wengine.